Pambo la ndani: ujasiri wa mavazi ya mwambao na namna ya kuusoma

Katika aya ya 31 ya Surat An-Nur, baada ya maagizo ya kuinamisha macho na kuteremsha shungi vifuani, wanawake waumini wanakatazwa pia kupiga miguu yao chini ili yajulikane mapambo waliyoyaficha. Aya hiyo husomwa kama somo la staha, na ndivyo ilivyo, lakini ndani yake mna maarifa makubwa kuhusu mapambo: kwamba kito kinaweza kumfikia mtu kwa njia ya sikio, na kwamba kikuku kilichofunikwa na nguo hadi kisiginoni kinaweza kumtangaza mvaaji wake kuliko mkufu uliotandazwa shingoni mbele ya macho ya wote.

Kwa mtu anayetafuta msukumo wa mitindo ya kuthubutu, awe mbunifu wa mavazi, mpiga picha, sonara au biharusi anayepanga nguo za siku zake, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Siku hizi ujasiri wa mavazi hupimwa kwa futi ya fundi: mpasuo umepanda hadi wapi, mgongo umeachwa wazi kiasi gani, kitambaa kinaangaza au hakiangazi. Kwa kipimo hicho mwambao wa Waswahili, kuanzia Pate na Lamu hadi Kilwa, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, ungeonekana kuwa makao ya watu wanaouonea mwili haya. Sidhani kama kuna hukumu iliyo mbali zaidi na ukweli. Watu hawa walitunga sanaa nzima ya kuamsha hisia, yenye vito vyake, harufu zake, nguo zake na mashairi yake, ila hawakuijenga juu ya swali la sehemu gani ya mwili iachwe wazi. Waliuliza ni nani aone, nani asikie, nani anuse, na kwa wakati gani.

Mantiki hiyo imeandikwa hata katika kuta. Katika nyumba za mawe za karne ya 18 zilizobaki Lamu, upande wa barabarani hauna pambo la maana isipokuwa mlango wa nakshi na baraza za dakani, na mpita njia huishia hapo. Anayeruhusiwa kuingia hupita uani, kisha vyumba virefu vinavyofuatana, na kadiri anavyosogea ndivyo plasta inavyozidi kuchongwa, hadi afike kwenye chumba kinachoitwa ndani, makao ya mwenye nyumba na mkewe, ambako ukuta mzima umejaa zidaka safu juu ya safu, zilizokuwa zikipangwa sahani na bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Gharama na ustadi vimelundikwa mahali ambapo watu wachache zaidi wataviona. Mbunifu aliyezoea kuweka kila kitu kifuani na mabegani kwa ajili ya kamera angefanya vyema kukaa katika chumba cha namna hiyo kwa saa moja.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kisiwani Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha ambao hadi leo unajulikana kote mwambao. Ni utungo wa mcha Mungu, umejaa dua na wasia juu ya dini, adabu na ulimi mzuri. Lakini katikati ya wasia huo mama anamwagiza bintiye aoge na kujisinga, afunge nywele zake, atunge asumini na kuzitia kitandani, ajipambe akae kama bibi arusi kila siku, avae mitali miguuni na makoa mikononi, asivue kidani na kifungo shingoni, asikose pete vidoleni, hina kuchani wala wanja machoni, na mwili wake usiache kunukia marashi na dalia. Msomaji wa leo anaweza kukwazwa na utiifu kwa mume unaodaiwa katika utenzi huo, na ana haki ya kukwazwa. Hata hivyo hawezi kudai kwamba mtunzi aliuona mwili kuwa aibu. Orodha ya mapambo imewekwa jirani kabisa na dua, bila udhuru wala kificho, na kila kitu kilichotajwa kina mahali pake mahususi: kichwani, shingoni, mkononi, mguuni, kitandani.

Vito vyenyewe vilikuwa vizito kuliko tunavyovikumbuka. Wanawake wa Lamu na Pate walitoboa ndewe za masikio na kuzipanua hadi zipokee majasi, yaani visahani vya dhahabu au fedha, na juu yake, kwenye ukingo wa sikio, wakapanga matundu madogo ya vipuli. Asiyekuwa na uwezo wa dhahabu alijaza tundu la sikio kwa ukindi wa rangi au karatasi iliyosokotwa kwa ustadi, na kazi hiyo ilikuwa na uzuri wake. Puani palikaa kipini. Miguuni palikaa mafurungu, vikuku vinene vya fedha vilivyo wazi kwa ndani. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilitokana na riali za Maria Theresa, sarafu zenye tarehe ya 1780 zilizoendelea kufuliwa miaka mingi baada ya malkia huyo wa Austria kufariki, kila moja ikiwa na uzito wa takribani gramu 28, ambazo wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walizipokea kama fedha na masonara wakaziyeyusha kama malighafi. Katika vito vya Omani, vilivyo na udugu wa karibu na vya Unguja, vikuku vingine vilitiwa vijiwe au vipande vya madini ndani ili vilie mtu anapotembea.

Uzito huo haukuwa wa urembo pekee. Dhahabu na fedha ya mwanamke ilikuwa mali yake binafsi, ambayo kwa sheria ya Kiislamu mume hana haki nayo, na siku ya talaka au njaa kikuku kimoja kilipelekwa kwa sonara kikapimwa na kuuzwa. Ndiyo maana vito vingi vya zamani havipatikani tena: viliuzwa, vikayeyushwa na kuwa vito vingine. Anayenakili umbo la furungu kwa bati jepesi lililopakwa rangi ya fedha anachukua sura yake na kuacha nguvu yake, kwa sababu uzito mguuni hubadilisha hatua yenyewe, humfanya mtu aende taratibu na kwa madaha, na mwendo huo ulikuwa sehemu ya pambo.

Baada ya sikio huja pua, na hapa mwambao haukuwa na mshindani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alipochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 aliwaeleza Wazungu jinsi nguo na vitanda vya jumba la kifalme vilivyotiwa maua ya asumini na kufukizwa udi. Kazi hiyo bado inaendelea majumbani. Kikuba hufungwa kwa rehani, mkadi uliokatwakatwa na asumini, hunyunyiziwa marashi, kisha hubanwa kifuani au kuchomekwa nyweleni. Maua ya vilua hutunzwa kwa ajili ya jioni kwa sababu harufu yake ni kali. Chetezo huwekwa chini, nguo hutandazwa juu yake ili moshi upenye nyuzi, na mwenye nywele ndefu huzifukiza zikiwa bado na unyevunyevu baada ya kuoga. Harufu ya namna hii haipigwi picha, wala haitambuliki na mtu aliye umbali wa hatua kumi. Inajulikana na aliyeruhusiwa kukaribia, na baadaye hubaki kwenye mto.

Ukaribu wa juu kabisa ulikuwa wa shanga za kiunoni, ambazo wazee waliziita utunda. Shanga ni biashara kongwe hapa: wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta katika vijiji vya karne za mwanzo za Uswahili, hasa kaskazini mwa Pemba, vigae vingi vyenye mifereji vilivyotumika kusugulia shanga za makombe ya baharini, kabla ya shanga za kioo kutoka Bahari ya Hindi kutawala soko. Utunda huvaliwa chini ya nguo zote. Aliyemfundisha msichana namna ya kuuvaa, kuutikisa na kuuzungumzisha ni kungwi au somo yake, katika mafunzo ya unyago ambayo wanaume hawakaribishwi. Fatuma binti Baraka, tunayemjua kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili 2013, alikuwa bingwa wa ngoma hizo za unyago kama alivyokuwa bingwa wa taarabu, na hakuona haya kueleza kwamba wanawake hufundishwa raha ya mwili kwa makusudi, kwa ngoma na kwa nyimbo. Wanaofikiri kwamba elimu ya mahaba ililetwa na majarida ya kigeni hawajakaa na mashangazi zao vya kutosha.

Hadi hapa nimesema kana kwamba wanawake wote wa mwambao walikuwa na kitu cha kuficha na chumba cha kukifichia. Hawakuwa hivyo, na hapa ndipo mada hii inapogeuka kuwa ngumu. Katika Unguja ya karne ya 19 kufunika mwili lilikuwa jambo la daraja. Mwanamke wa tabaka la juu alivaa kanzu juu ya suruali ya marinda, akafunika kichwa na kuvaa barakoa usoni. Lamu, mwanamwali wa ukoo bora alipotoka alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoshikiliwa na watumwa wake pande zote. Mtumwa mwanamke mwenyewe alijifunga kipande cha merikani au kaniki iliyotiwa nili, chini ya makwapa, mabega wazi, kichwa wazi, miguu mitupu. Mwili wake ulionekana kwa sababu hakuwa na haki ya kuusitiri. Katika mazingira hayo uchi wa mabega haukuwa uthubutu wa aina yoyote. Uthubutu ulikuwa ni kuokota kitambaa na kujifunika.

Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, kisha masuria kuachiwa mwaka 1909, na katika ukanda wa pwani wa Kenya mwaka 1907, watumwa wa jana walikimbilia dukani. Kanga, iliyokuwa imeshaanza kuenea katika miongo iliyotangulia, iliwafaa kwa namna ambayo hakuna vazi jingine lingeweza. Huuzwa kwa doti, vipande viwili, na kipande cha pili ndicho kilichobeba maana yote, kwa kuwa kilipanda kichwani na mabegani mwa mtu ambaye jana alikatazwa kujifunika. Rangi zake zilipiga kelele mahali ambapo kaniki ilinyamaza. Mitindo ilibadilika upesi, na mwanamke aliyevaa kanga iliyopitwa na wakati alichekwa na wenzake. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, likaingia buibui. Leo buibui jeusi huchukuliwa kuwa alama ya kujizuia, ila kwa kizazi kilicholivaa kwanza lilikuwa vazi la kujitwalia heshima: bei yake iliweza kufikiwa, halikuhitaji watumwa wa kulishikilia kama shiraa, na lilimfanya mjukuu wa mtumwa na binti wa sharifu wapite njia moja bila mtazamaji kujua nani ni nani. Naamini hilo ndilo tendo la kuthubutu kuliko yote katika historia ya mavazi ya pwani, na lilifanywa kwa kuongeza kitambaa.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alitoka katika tabaka hilohilo. Alizaliwa Fumba, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani, akaja mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri zilizosambaa Afrika Mashariki nzima. Walionunua santuri zile hawakununua sura wala umbo. Walinunua sauti, tena kwa Kiswahili cha mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, mahali ambapo taarabu ya kifalme ilikuwa imeimbwa kwa Kiarabu.

Kanga nayo ina sauti yake. Ukiitandaza utaona pindo linaloizunguka, mji katikati, na chini ya mji jina, yaani maneno, ambayo hapo awali yalichapishwa kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Mwanamke aliyekatazwa na adabu kumtolea mke mwenzake maneno huvaa doti yenye maneno hayo na kupita nayo uani akiwa amefunga mdomo. "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" ni silaha, na "Japo sipati tamaa sikati" ni ombi la mapenzi lisilo na wa kukana wala wa kushtakiwa. Namna ya kufunga nayo ni usemi: jina likikaa sawasawa nyuma, linasomwa na anayebaki akikutazama unaondoka. Kisutu, kanga ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, husema jambo lake kwa rangi tu.

Wabunifu wengi wa leo hawaanzii kwenye kanga yenyewe wala kwa bibi zao, bali kwenye picha. Zinazozunguka zaidi mitandaoni ni zile za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zilizopigwa katika studio za Wagoa wa Unguja kama A. C. Gomes na Coutinho Brothers, nyingi zikiuzwa kama postikadi kwa mabaharia na maofisa wa kikoloni. Ndani yake wanawake wamekaa kwenye viti vya kusuka, majasi masikioni, kanga imefungwa chini kidogo ya mabega, macho yakitazama kamera moja kwa moja. Ni picha nzuri, na sitamlaumu anayezibandika ukutani pake pa kazi. Lakini hazionyeshi lile pambo la ndani lililoelezwa na Mwana Kupona. Majina ya wanawake hao kwa kawaida hayakuandikwa. Chini yao palichapwa maneno kama mwanamke wa Kiswahili au mrembo wa Zanzibar, na wengi walikuwa wa tabaka ambalo halikuwa na nguvu ya kumkatalia mpiga picha. Mwanamke wa nyumba ya zidaka hakukaa mbele ya lenzi hiyo. Kwa hiyo anayejenga mkusanyo wa mavazi kutoka kwenye postikadi anapaswa ajue kwamba anaazima macho ya mteja wa postikadi, na kwamba mabega yale yaliyo wazi yanaweza kuwa kumbukumbu ya utumwa badala ya uhuru.

Serikali za baada ya uhuru ziliongeza fundo jingine. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara, ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua, kwa hoja kwamba hayo ni utamaduni wa kigeni. Uganda ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na mwaka 2014 ikapata sheria dhidi ya ponografia iliyotumiwa na watu wa mitaani kuwavua wanawake nguo kwa nguvu, hadi Mahakama ya Katiba ilipoitengua mwaka 2021. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mashambulizi ya namna hiyo. Katika mabishano hayo pande zote mbili ziliendelea kubishania urefu wa nguo. Waliosema kwamba mila ya Kiafrika ni kujisitiri walisahau unyago. Waliosema kwamba ujasiri ni kujiachia walisahau buibui la mwaka 1910.

Mtu anayetaka kutumia urithi huu leo atakutana na mambo ya kawaida kabisa. Kikuku, kwa mfano, kimezongwa na maneno ya vijiweni kwamba mguu fulani huashiria tabia fulani, maneno ambayo hayana mzizi wowote katika vito vya jozi vilivyovaliwa na mabibi harusi miguu yote miwili. Piko nyeusi inayochorwa haraka kwa maharusi mara nyingi huwa na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo huwababua wengine malengelenge na kuwaachia makovu. Hina halisi huacha rangi ya chungwa inayokolea hadi hudhurungi, na anayeuziwa hina nyeusi ya dakika kumi amedanganywa. Utunda unaovaliwa juu ya gauni ni mtindo halali, mzuri hata, ila umebadilisha kazi: sasa ni mkanda.

Tatizo la kanga liko mezani kwa fundi. Wengi hukata gauni kutoka mjini mwa kanga na kutupa jina kama mabaki, au hulikata katikati ya neno ili pindo likae vizuri kwenye mshono. Anayeielewa huanza kwa kutandaza doti nzima, akasoma, kisha akaamua jina litaangukia wapi: nyuma ya kiuno lisomwe na wanaobaki nyuma, ukingoni mwa mkono lisomeke mtu anapopeana salamu, au ndani ya kola, mahali ambapo mvaaji na mtu mmoja mwingine ndio watakaolijua. Gauni la namna hiyo ya mwisho halipendezi kwenye simu, na mteja anayenunua kwa kutazama picha ataliona la kawaida na kuhoji bei. Sonara anayetia vijiwe ndani ya kikuku hukabiliwa na mteja huyohuyo.